Vitabu Visivyotoka Mlangoni

Dada yangu ni mkutubi, na kwa miaka ishirini na sita hajawahi kupenda kuazimisha kitabu. Maktaba yake ni chumba kimoja nyuma ya posta: rafu tisa, meza nne, na yeye mwenyewe kwenye kiti karibu na mlango kama mlinzi wa benki. Ukitaka kusoma, kaa usome. Ukitaka kwenda na kitabu nyumbani, atakuuliza una watoto wangapi, chai unanywea wapi, na bati lako linavuja au halivuji. Wengi walinyoosha mikono wakasomea palepale. Wanafunzi wakampachika jina, Mama Kimya.

Halafu ikaja barua. Halmashauri haitatoa tena ruzuku kwa maktaba zinazojitegemea. Zote ziwe chini ya maktaba kuu ya mkoa. Hapo hatukuwa na neno, maana ruzuku yenyewe haikutosha hata rangi ya ukuta. Kilichonipandisha mori ni aya ya tatu: kitabu kisichoazimwa kwa miaka miwili kinahesabiwa hakina msomaji, na lori litakuja kukichukua kwenda ghala la mkoani, mwendo wa saa tano.

Tukachomoa kadi zilizochomekwa nyuma ya vitabu, zile zinazogongwa mhuri kila kitabu kinapoazimwa. Kitabu cha sheria za ardhi, ambacho wajane wamekisoma mpaka kona zimelainika, kilikuwa na mhuri mmoja. Kamusi kubwa, ambayo fundi cherehani huipitia kila Jumamosi, haikuwa na hata huo mmoja.

"Kwani hawaoni vilivyochakaa?" dada akasema.

"Kuchakaa hakuna mhuri. Ungewaachia watu waazime, tusingefika hapa."

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akabandika tangazo mlangoni: wote waje kuazima, kadi ya uanachama ni bure. Chini yake akaongeza kwa kalamu nyekundu: nawa mikono kwanza. Nilichoka kabisa. Mtu nyumba inaungua, yeye anauliza nani kakanyaga zulia.

Lakini watu walikuja. Walikuja na vikapu, na mabegi ya shule, mama mmoja na beseni. Dada aligonga mihuri wiki nzima huku kakunja uso kama anang'olewa jino.

"Usikunje kona."

"Sikunji, mama."

"Wala usilale nacho."

Ijumaa lori likafika. Afisa wa mkoa akaingia na orodha yake, akazitazama rafu tisa tupu.

"Mama, vitabu viko wapi?"

"Vinasomwa."

"Vyote?"

Dada akamsukumia sanduku la kadi. "Hesabu mihuri."

Akahesabu mpaka mchana, jasho likimtoka. Aliandika sana, kisha akaondoka na lori lake tupu. Alituambia watarudi baada ya miaka miwili kuhesabu tena, kana kwamba sisi ndio tuliomwita.

Wiki mbili baadaye wa kwanza kurudisha alikuwa fundi cherehani. Dada akaifungua kamusi, akakuta doa la chai, duara kamili la kikombe. Fundi akainamisha kichwa kusubiri kukiona cha moto. Hata mimi nilishika meza. Dada alilitazama lile doa, akazitazama rafu tupu.

"Unaiazima tena?" akamuuliza, na kabla hajajibiwa akagonga mhuri.