Nusu Saa ya Salamu

Juzi nilimsikia bwana mmoja kwenye redio akisema watu wa mikoani hatukuupokea mtandao mapema kwa sababu hatukuwa na mwamko. Mwamko! Nilizima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi. Sisi Kigoma tuliamka zamani, bwana. Tulichokosa ni uwezo wa kununua dakika.

Miaka ile ya wakimbizi, hapa kwetu Katubuka tulikuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani, mama wa Kikongo aliyevuka ziwa pamoja na mama yake mzazi na majirani zake wa Baraka, ng'ambo upande wa Kongo. Alikuwa akiuza dagaa mwaloni Katonga. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi gereji Lusaka tangu kabla ya vita, na hawakuwa wamesikiana tena. Siku moja mfanyabiashara aliyetoka Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye ziwa letu, akamletea anwani ya barua pepe ya pale gereji, pamoja na habari iliyomkata maini: kijana anatafuta nauli ya meli aende Baraka kumtafuta mama yake. Na Baraka wakati huo kulikuwa kunawaka moto.

Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno manne tu. Niko Kigoma, usiende Baraka.

Kwa kuwa mimi nilikuwa nimesomea kupiga chapa, nikampeleka kwanza kwenye ofisi moja ya misaada kule mjini, yenye dishi kubwa juu ya paa na magari meupe uani. Tukaomba dakika tano. Mlinzi akaingia, akatoka, akasema intaneti ile ni ya kazi. Ya kazi! Na sisi tuliosimama pale getini na kanga za jua kichwani tulikuwa nini kama si hiyo kazi yao? Jamani, watu wana nyuso ngumu.

Tukaenda kwenye chumba cha intaneti karibu na stesheni. Nusu saa pale ilimeza mauzo ya beseni zima la dagaa. Mwenye chumba akawasha saa yake kabla hata hatujakaa vizuri, na ukurasa ukaanza kufunguka taratibu, mstari kwa mstari, huku tukiutolea macho. Muda mwingi ukaishia hapo, na tulikuwa tumeulipia.

Ulipofunguka, nikamwambia, "Mama, tuanze na la Baraka."

Akanitazama kama niliyeingia nyumbani kwa mtu bila hodi. "Mwanangu, mtoto yangu sijamsikia tangu vita ianze. Nimurukie na habari ya bunduki, hata sijamuuliza kama anakula? Andika vile nakuambia."

Nikaandika. Na sitaki mtu aniambie alikosea, maana barua kwetu ilikuwa na adabu zake na sote tulifundishwa hivyo shuleni. Salamu nyingi kama mchanga wa ziwa. Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Bibi yako anakusalimu. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu, fundi cherehani anakusalimu, na yule mzee wa msikitini naye hajambo. Akiwataja alikuwa anatabasamu, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake tangu apange kwetu. Mimi vidole vikakimbia. Nikafika "Ama baada ya salamu, dhumuni hasa la barua hii ni", na kioo kikaganda.

"Muda umekwisha. Ongezeni," akasema mwenye chumba.

Nikamsihi dakika moja, moja tu. "Dada yangu, hata mimi dishi nalilipia kwa wenyewe," akajibu, na naamini hakuwa anadanganya. Akakubali kutufungulia kitufe cha kutuma tu.

"Tuma hivyo hivyo," mama akaniambia. "Nikiuza tena tutamalizia."

Lakini mwezi ulikuwa umekaribia kupevuka. Mbalamwezi ikiwaka, taa za karabai hazivuti dagaa, na wavuvi wa ziwa letu wanakaa nchi kavu kushona nyavu. Katonga ikawa haina cha kuuza. Nyumbani kwetu nako tulikuwa tunasubiri mshahara wa baba uliochelewa. Tukangoja giza lirudi.

Liliporudi tukalipa nusu saa nyingine. Jibu lilikuwepo, ila limeandikwa na fundi mwenzake. Kijana alisoma barua akalia kwa furaha mbele ya wateja. Alipoona bibi, fundi cherehani na yule mzee wa msikitini wote wako pamoja na mama yake, akajua kijiji chote kimetulia Baraka. Akakopa nauli. Ameshapanda meli.

Mama hakupiga kelele. Aliniomba nimsomee ile yetu tuliyotuma, yote. Nikasoma salamu moja baada ya nyingine mpaka dhumuni hasa la barua hii ni.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo, mama."

"Andika basi. Andika sasa. Niko Kigoma, usiende Baraka."

Nikaandika, nikatuma. Safari hii haikuganda, na dakika zetu zilibaki nyingi. Kijana hajaonekana mpaka leo.