Mtungi Mezani

Mwenyekiti wa mji wetu hanywi maji akiwa amekaa. Husimama, akanywa kidogo kidogo huku kiganja kikikinga kikombe, macho barabarani. Alipigana vita vya nyika kavu ya Chaco, ambako kiu iliwaua wenzake wengi kuliko risasi. Ndiye wa kwanza kufyeka msitu hapa, na sauti yake mpaka leo ni ya kuswaga maksai. Tunamchagua kila uchaguzi, wengine kwa kumpenda, wengine kwa kuchoka. Mimi ni wa hao wa pili. Watu wakigombea mpaka, huweka mtungi wa maji katikati ya meza na kusema, "Hanywi mtu hapa mpaka mpatane." Kwa kawaida hupatana kabla ya adhuhuri.

Januari hii, kwenye joto la kuwanyamazisha hata mbwa, mlalamikaji alikuwa mkulima Don Eulogio, na shamba lililolalamikiwa lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe. Mtungi ukawekwa vilevile.

"Mzee, tukaushe kama nyama ukitaka," akasema Eulogio, "mpaka wangu ni pale kwenye mti."

"Basi tukae."

Tukakaa. Alasiri Eulogio alifungua mdomo aseme tena, ulimi ukanata kwenye kaakaa, ukatoa mlio mkavu tu. Mwenyekiti aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Akamimina maji kwa haraka hata nusu yake ikamwagika mezani.

"Shamba chukua, ndugu yangu," akasema. "Kunywa kwanza."