Zunguka Kichuguu Kwanza

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Meno yameondoka, macho yanaaga, lakini siku ile imebaki. Nilijua kwamba kuna siku mmoja wenu atakuja kuniambia anataka bunduki, na wewe kitinda mimba ndiye umekuja. Umenieleza kwamba uliyoipenda ni ndefu, inang'aa, na mlio wake unasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Hukuniambia kama inakukaa begani. Basi keti, chai ipo, mimi sina haraka na wewe leo usiwe nayo.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa kijana wa hapa hapa Ihanda, nguvu tele, akili bado iko njiani. Nilikuwa nimemchumbia Enesi, mama yako, na harusi ilipangwa iwe baada ya mavuno. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuzungumza mambo ya mahari na yakaisha vizuri. Ningetulia hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini kwa kiherehere changu nikajitangaza mbele ya vijana wenzangu kwamba siku ya harusi wakwe zangu watakula nyama ya pofu niliyemwangusha mimi mwenyewe. Pofu unamjua, yule mnyama mkubwa kushinda dume la ng'ombe. Siku zile walikuwa wakionekana makundi kwa makundi kwenye mbuga za Momba. Mimi sikuwa hata na bunduki. Nilikuwa na mdomo tu.

Nikaenda kwa mjomba wangu Simbeye, kaka wa mama yangu, mwindaji mwenye kibali cha Boma. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi, na alikuwa na gobore lake la miaka mingi. Nyinyi wa sasa gobore mmelisikia tu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, unatia risasi, unashindilia tena, ndipo unapachika fataki kwenye mtambo. Ukikosa mara ya kwanza, mpaka umalize kushindilia tena mnyama amekwisha kuvuka mpaka wa Tunduma na kusalimiana na jamaa zake wa upande wa pili.

Huko Tunduma ndiko tulikokwenda, mjomba na mimi, kwa mzee mmoja wa Kinamwanga aliyekuwa na magobore mawili na aliyetaka kubaki na moja. Moja lilikuwa fupi, limechakaa, kitako chake kimefungwa kwa ngozi. La pili lilikuwa refu karibu sawa na mimi, lina pete za shaba zilizosuguliwa zikawaka. Nikalishika lile refu, nikaona nimeshika harusi yangu.

Mjomba akaniambia nifumbe macho, niinue bunduki mpaka begani, kisha nifumbue. Nikafanya hivyo kwa lile fupi. Nilipofumbua macho, mtutu ulikuwa umetazama sawasawa mahali nilipokusudia. Nikafanya kwa lile refu. Nilipofumbua macho, mtutu ulikuwa umeinamia miguu ya yule mzee, naye akasogea kando kwa adabu. Mjomba akasema bunduki fupi imenijua na ndefu haijanijua. Nikamjibu kwamba itanijua tu, nguvu ninazo. Hakubishana nami. Alisema bega ni langu, akaenda kukaa nje kusubiri. Nikachagua lile refu, tukapita Boma kuandikisha, tukarudi nyumbani, mimi nimelibeba juu juu ili kila tuliyekutana naye alione.

Ndipo mafunzo yakaanza, na mafunzo ya mjomba yalinichosha roho. Wiki mbili nzima hakunipa hata chembe ya baruti. Ilikuwa kuinua na kushusha, kuinua na kushusha, asubuhi kabla ya kwenda shambani. Kisha kuegemeza mtutu kwenye mti wa panda na kuvuta pumzi. Kisha kutembea nalo majanini bila kugonga kitu. Aliponipa baruti, alinionyesha kipimo: baada ya kushindilia, mdeki ubaki umechomoza nje ya mtutu vidole vinne, visizidi. Na alinipa sharti moja alilolirudia kila siku mpaka nikalichoka. Kabla ya kutia baruti, uende mpaka kwenye shabaha yako, uipite, uzunguke nyuma yake, uangalie kila kitu kilichopo huko, ndipo urudi ushindilie.

Niliona ni mambo ya uzee. Shabaha yangu ilikuwa kichuguu kikubwa mwisho wa shamba letu, kinene kama nyumba. Risasi gani ya gobore ingepita pale? Nilizunguka siku ya kwanza, nilizunguka ya pili. Vijana wakaniona, wakaniuliza kama natafuta mayai ya kanga. Tangu hapo nikawa nazunguka pale tu mjomba alipokuwapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana desturi ambayo nyinyi hamkuikuta. Siku zile kijana na mama mkwe wake walikuwa hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini, anajifunika nguo kichwani, ananyamaza mpaka mwenzake apite. Hapakuwa na chuki yoyote. Ndivyo tulivyoheshimiana, na mama aliyemsemesha mkwewe aliona aibu hiyo miaka.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Asubuhi ile mjomba alikuwa amekwenda Isansa kumwona mgonjwa, nami nikabaki na gobore na baruti peke yangu. Nikaona leo ni siku ya kulisikia likinguruma kweli. Nikachukua kibuyu kibovu, nikakwenda kukiweka juu ya kichuguu. Nilifika pale pale, mwanangu. Nilikigusa kichuguu kwa mkono. Hatua tano zaidi ningekuwa nimekizunguka, na umande ulikuwa umelowesha suruali yangu mpya, nikasema hapana. Nikarudi hatua kama hamsini, nikamimina baruti. Vidole vinne vilipita, vikapita vitano, na mdeki ulipochomoza vidole saba nikaona sasa imekaa kiume.

Nikafyatua. Lile gobore lilinisukuma nikakaa chini, bega likafa ganzi, masikio yakajaa mlio. Moshi ulipoondoka, kibuyu kilikuwa bado kimekaa pale kinanitazama. Risasi ilikuwa imepita juu, imevunja tawi la mti ulioota nyuma ya kichuguu, na majani yalikuwa bado yanadondoka. Nililitukana lile gobore, nikaanza kushindilia upya. Mara hii, nikajiambia, nitalenga chini, pembeni mwa kichuguu, pale kwenye majani, ili likirusha juu tena risasi ipate kibuyu.

Mdeki ulikuwa mkononi niliposikia mtu anaimba.

Kwanza nilidhani ni watu wanapita kwenda kanisani, lakini haikuwa Jumapili. Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, inatetemeka, inaimba kwa Kinyiha wimbo tunaouimba makaburini. Na ilitoka nyuma ya kichuguu, chini, kwenye yale majani hasa niliyokuwa nimekusudia kuyalenga. Niliijua sauti ile. Kila Jumapili niliisikia upande wa akina mama ikiongoza wimbo. Alikuwa mama mkwe wangu, bibi yako mzaa mama.

Alikuwa amekuja kuchuma uyoga, maana mvua zikiwa mwishoni uyoga mkubwa huota kwenye vichuguu. Aliniona kwa mbali nikija, akajua ni mimi, akafanya kama desturi ilivyotaka: akajilaza majanini nyuma ya kichuguu, akajifunika khanga, akasubiri mkwewe apite. Alinisikia nikiweka kibuyu. Tulikuwa tumetenganishwa na udongo ule tu. Hakuweza kuniita. Risasi ilipopita juu yake bado hakuweza kuniita. Aliposikia nashindilia mara ya pili, ndipo akakumbuka kwamba desturi imemkataza kusema nami, haikumkataza kumwimbia Mungu.

Nililiweka gobore chini. Nilitaka kukimbia nimwone kama ameumia, na sikuweza, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimekatazwa kumwona. Nikamgeuzia mgongo, nikakaa chini, nikauliza kama mtu anayeuliza upepo: aliyeko huko ameumia?

Wimbo haukukatika. Lakini ubeti uliofuata, mwanangu, haumo kwenye kitabu chochote cha nyimbo. Kwa sauti ile ile ya makaburini aliimba kwamba yuko mzima, kwamba kikapu cha uyoga kimemwagika, na kwamba mwenye bunduki aondoke apite njia ya mtoni. Akamalizia na amina.

Nilipita njia ya mtoni nikilia. Nililia kwa hofu, kisha nikacheka, kisha nikalia tena kwa sababu nilicheka. Mzima! Nililitamka neno hilo njia nzima mpaka nyumbani.

Mjomba aliporudi nilimweleza yote, hata vidole saba. Niliomba aende yeye kwa wakwe akaniombee msamaha, maana niliona uchumba umevunjika. Alikataa. Akaniambia maneno ambayo nayakumbuka moja moja.

"Bunduki nimekufundisha kuiinua, hilo umeliweza. Nilikufundisha na kuzunguka, ukaona unachekwa. Sasa nenda mwenyewe, na usiseme gobore ni baya. Useme, 'Miguu yangu ilikuwa mivivu.'"

Nilikwenda nayo maneno hayo. Nilikaa uani kwa wakwe zangu, macho chini, nikasema miguu yangu ilikuwa mivivu. Kaka zake Enesi wawili walikuwa wamesimama, na mmoja alisema wazi kwamba dada yao haolewi na mtu anayepiga risasi majanini ovyo. Niliona haki yao kabisa. Nilimwona Enesi mlangoni pa jiko, amejishika shavu, na nikajua kwamba nimempoteza.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango.

"Nilikaa kimya kwa heshima, na heshima hiyo ingenizika leo," alisema mama mkwe. "Mimi sitaki tena kukaa kimya na mtu huyu. Alete kuku na jembe, tufunguane midomo."

Hiyo nayo ilikuwa desturi yetu, kwamba mkwe akitoa kuku na jembe, mwiko wa kutosemeshana unaondoka. Lakini watu waliifanya baada ya mtoto wa pili au wa tatu, hakuna aliyepata kuiona kabla ya harusi. Wazee walinong'onezana. Baba mkwe akakuna kichwa, akasema mwenye roho yake ni yeye aliyepigiwa risasi, kwa hiyo asikilizwe. Nilikwenda mbio, nikarudi na kuku na jembe, na bibi yako akatoka nje, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe bado mtoto," alisema. "Siku nyingine nitapiga kelele. Na wewe siku nyingine zunguka."

Akanipa mkono. Sijapata kushika mkono uliokuwa na joto kama ule, na mpaka leo nikieleza sehemu hii nafurahi upya kama vile ni jana.

Lile gobore refu nililirudisha Tunduma. Yule mzee wa Kinamwanga alinikabidhi lile fupi bila kuuliza lolote, nadhani alikuwa amenisubiri. Nilianza kufunzwa upya, bila baruti, na mara hii nilizunguka hata kama shabaha ni jiwe. Kiangazi tukashuka Momba na mjomba. Pofu wa kwanza nilimwacha, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na kichaka nisichokijua. Wa pili nikamwacha vivyo hivyo. Wa tatu alisimama na mlima mtupu nyuma yake, nikavuta pumzi, nikampata kwa risasi moja. Harusini bibi yako alikula nyama ile na kuisifu, akawaambia wageni kwamba mkwewe siku hizi analenga vizuri, na waliojua wakacheka mpaka machozi.

Haya basi, mwanangu, hili ndilo ninalokupa. Usichague bunduki kwa kung'aa wala kwa mlio. Fumba macho, iinue, fumbua, na ile itakayotazama unapotazama wewe ndiyo yako, hata kama imefungwa kwa ngozi. Jifunze nayo tupu mpaka uichoke, kisha endelea. Usizidishe baruti ili kusikika. Na kabla hujafyatua, nenda ukaone kilichopo nyuma, hata vijana wakikucheka, hata suruali ikilowa. Usichokiona usikipige. Na nyinyi vijana mkiona hatari, semeni, mkwe kwa mkwe, mtoto kwa baba. Msingoje mpaka mtu aanze kuimba.

Siku ulipozaliwa mvua ilikuwa kubwa na mkunga hakuweza kuvuka mto. Bibi yako ndiye aliyekupokea. Ulitoka kimya, hukulia, na kila mtu mle ndani alidhani basi. Yeye alikukung'uta mgongoni na kukupulizia puani mpaka ukalia. Ningelenga chini asubuhi ile, mwanangu, mikono ile isingekuwapo.

Kachukue kibali chako, nakuruhusu. Mungu akupe jicho la kweli na subira ya kulitumia. Wa nyumbani mwako uwakute salama kila urudipo, na yule usiyemwona majanini, Mungu amfikishe kwao akiwa mzima.