Aliyeinuka Jina Lilipoitwa

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, asubuhi, nilikuwa nikiyeyusha barafu kwenye jokofu langu, kwa namna aliyonielekeza fundi wangu, mkewe aliponipigia simu. "Dada, fundi ametutoka," alisema. Huyo alikuwa fundi majokofu wetu wa Mkolani, mwanaume wa makamo mwenye mizaha mingi, aliyehudumia wauza samaki na sisi majirani zake kwa miaka. Alikufa kwa saratani ya titi. Ninaliandika hili kwa idhini ya mjane wake, kwa kuwa wengi walioketi chini ya turubai la msiba hawakulijua.

Uvimbe ulianza chini ya chuchu ya kushoto, mgumu, usiouma. Aliudhani ni alama ya kazi, maana siku zote alibeba majokofu kwa kuyaegemeza upande huo wa kifua, akawa anaukanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Chuchu ilipoanza kuvutwa ndani, akanunua dawa ya kupaka. Alipokubali hatimaye kwenda hospitali ya rufaa na kukatwa kinyama cha kupimwa, ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kwenye tezi za kwapani. Alifanyiwa upasuaji, akapata dripu za dawa na mionzi, kisha vidonge vya kila siku, vilevile wanavyopewa wanawake wengi.

Nilikutana na fundi na mkewe kliniki nilipokwenda kuchunguzwa mimi mwenyewe. Benchi zima lilikuwa la wanawake. Muuguzi alipoita jina la ukoo, aliyeinuka ni mkewe. Fundi akamfuata amembebea mkoba, kama mume anayemsindikiza mgonjwa. Mama aliyeketi kando yangu akanong'ona, "Ana bahati huyu. Wangu hata getini hafiki." Ndivyo walivyokubaliana wawili hao, wakanieleza baadaye: ugonjwa uwe wa mke. Wanawake wa jumuiya walipomletea mke uji wa lishe, alikunywa kikombe mbele yao, akapokea pole zao kwa adabu, kisha chupa ya uji ikaingia chumbani kwa mumewe. Siku moja nilimkuta fundi akiumalizia. "Dada," akaniambia, "mke wangu anaumwa vizuri sana. Mimi ningeshindwa." Nilicheka, kisha nikaiweka chini chai niliyokaribishwa.

Tumefanya kazi kubwa kuwafundisha wanawake kujichunguza, nami nimeisifu mara nyingi katika safu hii. Lakini tumeuzungumza ugonjwa huu kana kwamba ni wa jinsia moja, hata mwanaume anayeupata huona amepungukiwa uanaume kabla hajaanza dawa. Daktari alimweleza fundi kwamba mwanaume naye ana titi, dogo lakini titi, na kwamba ndugu zake wa damu nao wachunguzwe. Hilo la ndugu alimwapisha mkewe asilitamke.

Msibani, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Misungwi, alimshika mjane mikono yote miwili. "Shemeji," alisema, "angalau wewe Mungu amekuponya." Mjane alinitazama mimi, nami nilijua anapima nini: kiapo alichompa mumewe, na uhai wa huyu aliyesimama mbele yake.

Ilimchukua wiki kadhaa kuamua. Kisha alikuja nyumbani kwangu, akakataa kuketi. "Andika wewe, dada. Kwenye simu shemeji atanikatiza. Akisoma peke yake atafika mwisho." Niliandika barua, akatia sahihi, nikaituma kwa basi la Misungwi:

"Shemeji, mimi sikuugua hata siku moja. Aliyekuwa na saratani ya titi ni kaka yako, akaona aibu, nami nikaificha aibu yake. Daktari alisema ndugu zake mchunguzwe. Huenda huna chochote, tujue tu. Njoo Jumatatu, nitakusindikiza. Tutaketi na wale akina mama kwenye benchi. Jina la ukoo likiitwa, mimi sitainuka."