Gemu Moja Iliyokatwa Vipande Vinne

Sikutaka kuandika. Nimekataa mara tatu, na mara ya tatu nilikataa nimesimama. Mtu wa umri wangu kupewa daftari na kalamu akaambiwa "andika tu kama unavyosema" si kuheshimiwa huko, ni kutumwa. Shule niliyosoma ni kidogo, herufi zangu zinalala upande, na macho nayo siku hizi yanataka kubembelezwa. Lakini mtoto wa kaka yangu amenikalia kichwani wiki nzima, na mtoto huyo akitaka kitu hupumui. Basi naandika. Humu ndani mtamkuta shangazi mmoja mwenye televisheni. Ni mimi. Lakini hadithi si yangu, kwa hiyo nitamwita shangazi kama wanavyomwita wao, na hilo limekwisha.

Huyo mtoto wa kaka anaitwa Pasi. Jina la cheti analo, ila halitumiki. Anafanya kazi kwenye karakana ya kushona sare za shule, na pale kila mtu anaitwa kwa kazi yake. Yeye ndiye anayepiga pasi. Shati linakatwa, linashonwa, linatiwa kola, linatiwa vifungo, halafu ndipo linamfikia yeye, mwisho kabisa, karibu na dirisha lisilofunguka, penye mvuke na harufu ya kitambaa kipya. Amezoea kufikiwa mwisho. Hata kwenye chai kikombe chake ndicho kile kilichomeguka mkono.

Zamani hizo walikuwa wanne. Mkasi alikuwa anakata vitambaa, na mdomo wake ulikuwa unakata zaidi. Vifungo alikuwa anatia vifungo, mnene, wa kucheka, hakai kitini akatulia hata umfunge. Wa nne walimwita Kushoto, kwa sababu alishona kola kwa mkono huo, na kola zake hazikuwa na mfano. Kushoto alikuwa hasemi. Ukimwuliza jambo anakutazama kwanza, kama anakupima mabega, halafu anakujibu neno moja.

Karakana ile ina desturi yake. Jora likiisha hubaki kipande kisichotosha sare, na kipande hicho ni cha wafanyakazi. Lakini hapewi mtu mmoja. Mmoja anachukua kitambaa, mwingine uzi, mwingine vifungo, mwingine zipu. Ukitaka kushona chochote ni lazima mkutane. Aliyeanzisha desturi hiyo hajulikani, ila alikuwa anawajua watu.

Siku moja wakitoka kazini walipita dukani kwa fundi wa redio, wakakuta vijana wa kiume wamejaa kwenye benchi wanacheza gemu ya mbio za magari. Mkasi akasema, "Tupisheni na sisi." Wakamcheka. Mmoja akamwambia, "Dada, hii si cherehani." Kosa kubwa. Jumamosi iliyofuata wanne hao walichanga, wakarudi kwa fundi yule yule, wakanunua mashine iliyokwisha tumika na gemu moja, ile ile ya magari, kwa kuwa ilikuwa inachezwa na watu wanne kwa mpigo. Fundi akawaambia, "Ninazo nyingine, kila mmoja anaweza kuwa na yake."

Vifungo akamjibu, "Kila mtu na yake, halafu tumcheke nani?"

Wakaileta kwa shangazi, maana yeye ndiye aliyekuwa na televisheni kubwa na makochi ya kukalika. Shangazi aliweka masharti: viatu mlangoni, hakuna kupiga kelele, na kitambaa cha kufunikia televisheni kikunjwe vizuri. Sharti la kelele liliishi siku moja.

Ilikuwa kila Jumamosi baada ya kazi, jua likiwa bado linaingia kwa mlango wa mbele. Kioo cha televisheni kiligawanyika vyumba vinne, na kila mmoja alikuwa na chumba chake na barabara yake. Mkasi juu kushoto, Vifungo juu kulia, Kushoto chini yake Mkasi, na Pasi chini kulia. Kila mmoja alikuwa na padi yake, yaani kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe, na hakuna aliyethubutu kushika ya mwenziwe. Ya Kushoto ilikuwa ya buluu, na waya wake ameuzungushia utepe wa kupimia nguo pale ulipochubuka.

Vifungo gari likikata kona na yeye anakata nalo, anamlalia Pasi mpaka anamtoa kwenye kochi.

"Wewe, unaendesha gari au unaniendesha mimi?"

"Kona, jamani, kona!"

"Kona ipo kwenye televisheni, si kwenye mbavu zangu!"

Na Mkasi huku anawatukana wote wanne, pamoja na yeye mwenyewe akikosea. Shangazi alikuwa amekaa nyuma anajifanya anachambua mchele. Mchele wa Jumamosi katika nyumba ile ulikuwa na mawe kuliko wa siku yoyote.

Pasi alikuwa wa mwisho. Daima. Hakuwa na haraka, na ile gemu haimjui mtu asiye na haraka. Lakini kulikuwa na kitu kimoja, na ndicho kilichomfanya aisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri kengele. Kushoto alikuwa hodari kuliko wote. Anatangulia, anawaacha mbali, halafu akifika hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia anasimamisha gari. Anasimama tu. Mkasi na Vifungo wanampita, wanashangilia, wanarukaruka. Yeye anatazama kile chumba cha chini kulia.

"Unafanya nini sasa?" Mkasi anafoka. "Maliza!"

"Namsubiri."

Neno moja. Pasi akifika, magari mawili yanavuka mstari sambamba. Pasi hakuwa amewahi kusubiriwa na mtu mahali popote, wala nyumbani kwao, wala kazini, wala na yule mwanamume aliyemwambia atarudi baada ya mwezi. Alikuwa anavuka ule mstari macho yamemjaa maji, anasingizia vumbi la mchele.

Ilidumu miaka mitatu. Halafu Mkasi akaolewa, na mumewe akapata kazi mji mwingine. Mwezi huo huo karakana ikapunguza watu. Vifungo akapata kazi hotelini, kwenye chumba cha kufulia, upande wa pili wa mji. Kushoto akasema anakwenda kwa ndugu yake kutafuta riziki. Mahali hakutaja, na wenzake walikuwa na mengi vichwani, hawakumwuliza mara mbili.

Jumamosi ya mwisho likazuka swali: gemu ni ya nani? Kuiuza hawakutaka. Kumwachia mmoja hawakuweza. Vifungo ndiye aliyesema, "Tufanye kama kipande cha jora."

Wakaikata. Mkasi akapewa mashine. Vifungo akapewa waya wa kuunganishia televisheni. Kushoto akapewa waya wa umeme. Pasi akapewa boksi la gemu lenyewe, lile lenye diski, na kila mmoja akabaki na padi yake. Wakaapa kwamba hakuna atakayeicheza mpaka wawe wanne tena. Boksi wakalitia kwenye mfuko wa kitambaa cha sare, na kila mmoja akashona upande mmoja kwa mshono wake. Walifanya mambo hayo kwa uzito, kama watu wanaogawana shamba. Wakacheza mara ya mwisho? La, walikuwa wamekwisha cheza, ndiyo maana macho yao yalikuwa mekundu. Wakaondoka na vipande vyao.

Miaka sita. Pasi alibaki karakana ile ile, dirisha lile lile. Wasichana wapya wakaja, wazuri, ila wakimaliza kazi kila mmoja anainamia simu yake. Jumamosi Pasi anakuja kwa shangazi, anavua viatu, anakaa pale pale. Wanatazama taarifa ya habari. Shangazi anamwona: mtangazaji yuko katikati ya kioo, lakini macho ya Pasi yapo kwenye pembe ya chini kulia. Hapo hakuna kitu, ila maandishi madogo yanapita.

"Unatazama nini?"

"Taarifa ya habari, shangazi."

"Taarifa ya habari iko juu."

Anayapandisha macho, halafu yanashuka tena.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Mkasi akapiga simu. Salamu ndefu, watoto hawajambo, mume hajambo, halafu sauti ikapungua. "Pasi, mwenzangu. Wanangu wameiona ile mashine kabatini. Hawaniachi nilale. Nitumie lile boksi. Waya zote zinauzwa madukani, nitanunua. Gemu yenyewe ndiyo haipatikani tena."

"Tuliapa, Mkasi."

"Tuliapa tukiwa wasichana. Sasa tutakutana lini? Kushoto simu yake haipatikani mwaka wa nne huu. Unataka tuzikwe nayo?"

Siku tatu Pasi hakula vizuri. Lile boksi analiweka chini ya nguo zake, na akilitoa hulishika ule upande wa Kushoto, wenye mshono mdogo mdogo kama wa kola. Shangazi akamwambia asilipeleke. Alimwambia mara nyingi, wala hajuti. Lakini Pasi ana moyo wa kumaliza kazi za wengine. Alilipeleka stendi, kwa watu wa vifurushi, akalipa, akarudi mikono mitupu, akapiga pasi mashati mpaka akaunguza moja. Hajawahi kuunguza.

Siku ya pili simu ikalia. "Umenitumia boksi tupu!"

"Tupu?"

"Tupu! Nimekata mishono yote minne, watoto wamenizunguka, nafungua, hakuna kitu. Kama hukutaka si ungesema? Unanifanyia mchezo mbele ya wanangu?"

"Mkasi, tangu siku ile sijalifungua, nakuapia."

"Basi diski ilitembea?"

Wakarushiana maneno mpaka Pasi akaanza kulia, na ndipo shangazi alipomnyang'anya simu. "Nyamazeni nyote wawili. Siku ile mlipomaliza kucheza, nani aliitoa diski kwenye mashine?"

Huko upande wa pili ikasikika sauti ya mtoto wa Mkasi, "Mama, leta tochi. Kuna kitu kinang'aa humu ndani ya mashine."

Walishona boksi tupu. Watu wazima wanne, mafundi, wenye macho manane, wameshona boksi tupu kwa mishono minne na kuapa juu yake! Pasi amelilinda miaka sita kama yai. Mkasi akacheka mpaka akakohoa, Pasi naye akacheka huku machozi hayajakauka. Halafu Mkasi akasema, "Haya, kumbe ninacho kila kitu hapa. Zimebaki waya. Nitakwenda dukani kesho."

Pasi akasema, "Nenda. Chezeni. Ila kile chumba changu cha chini kulia msimpe mtu. Kiacheni gari lisimame tu."

Wiki ikapita. Mkasi akapiga tena, safari hii bila salamu. "Sikununua. Nilifika dukani, nikaushika waya mkononi, muuzaji anauliza anifungie. Nikamwona yule mjinga amesimamisha gari hatua mbili kabla ya mstari. Nikaurudisha. Watoto wamenuna. Shule zikifungwa naileta mashine kwa shangazi, na kama kuna anayenuna atanunia njiani."

Na aliileta. Vifungo naye akaja na waya wake wa televisheni, amenenepa zaidi, wakakumbatiana wote watatu pale mlangoni mpaka mpangaji wa chumba cha nyuma akashindwa kupita. Wakaunganisha kila kitu. Padi tatu mezani. Mashine chini ya televisheni, diski tumboni. Kilichokosekana ili iwake ni kimoja tu, waya wa umeme alioondoka nao Kushoto. Fundi wa redio aliposikia akaleta waya wa umeme, bure, eti wa kumbukumbu za zamani. Shangazi alimshukuru vizuri na kumrudisha nao mlangoni.

"Shangazi, hata mara moja?" Vifungo alisihi.

"Hata nusu," akasema shangazi. Na Pasi, aliyekuwa na hamu kuliko wote, ndiye aliyesema, "Yeye alinisubiri kila Jumamosi, miaka mitatu. Mimi nitashindwa kumsubiri?" Wakakaa wakakitazama kile kioo cheusi, kila mmoja pembe yake, wakacheka na kutukanana kama inawaka. Mkasi aliondoka akaiacha mashine. Pasi anaipangusa kila Jumamosi.

Sasa nimemaliza, na sikuandika yote haya ili usome ukunje ukaendelee na mambo yako. Wewe unayesoma unatembea, unakutana na watu. Yupo mwanamke anashona kola kwa mkono wa kushoto, hasemi, ukimwuliza anakutazama mabega kwanza. Mtafute. Ulizia kwenye vyerehani vya huko kwenu, usione haya. Ukimpata usimpe maneno mengi, hayapendi. Mwambie aje na ule waya, na padi yake ya buluu. Mwambie wenzake wamesimama kabla ya mstari. Mwambie Jumamosi, mlango uko wazi. Na wewe mwenyewe ukimleta, vua viatu.