Shukrani kwa Fundi wa Maabara

Wifi yangu ameosha chupa za maabara miaka kumi na tisa, na mimi mwaka mzima nimekuwa na hasira na mtu mmoja kwa ajili yake. Yeye mwenyewe hapandishi sauti. Kazi hiyo ameniachia mimi, na ninaiweza.

Ni fundi wa maabara ya kemia chuoni. Huosha vyombo, huwachanganyia wanafunzi dawa za majaribio, huzima gesi ambayo wasomi wameisahau. Shahada yake ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni huku akinyonyesha. Kwenye kona ya maabara ile kuna kompyuta ya kukokotolea, na wenzake wakienda kula mchana, wifi alikuwa anaketi pale na kitabu kilichong'oka jalada, akijifunza nadharia ya msongamano wa elektroni. Miaka mitatu hakula mchana. Daftari alizojaza ziko chini ya kitanda, na kaka yangu huzilalamikia kila akitafuta viatu.

Mimi ni mshonaji, kichwa changu kimejaa pindo na sentimita. Lakini alinieleza nikaelewa.

"Chukulia elektroni ni watu waliojaa ukumbini," aliniambia. "Ukitaka kumfuata kila mmoja, anamkwepa nani, anamsogelea nani, utazeeka hujamaliza. Sasa mimi simfuati mtu. Naangalia tu kila kona watu wamebanana kiasi gani. Ukilijua hilo sawasawa, mengine yote yamo humo humo."

"Na unalijuaje?"

"Unaanza kwa kukisia. Kompyuta inakokotoa, inakupa msongamano mwingine, unaurudisha ndani, inakokotoa tena, mpaka kinachoingia na kinachotoka viwe kitu kimoja. Hapo hesabu imetulia. Lakini wifi, ukiidanganya mwanzoni, itatulia kwenye uongo huo huo, wala haitaona haya."

Sasa huyo mtu. Ni mhadhiri, maabara nzima humwita Bwana Saini kwa sababu bila saini yake hakuna karatasi inayotoka. Wifi alitaka kusoma shahada ya pili, na fomu ilidai barua ya mhadhiri. Bwana Saini akamwambia, "Nimalizie jedwali langu la hesabu, mama, barua utapata." Jedwali lilihusu unga alioutengeneza na jinsi unavyoishika oksijeni. Alikuwa ameshajigamba mikutanoni kwamba hakuna kinachoishika oksijeni kama unga huo.

Wifi akafungua faili, akakuta kosa hata hajafika mbali. Oksijeni ikiwa peke yake ina elektroni mbili zisizo na wenza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, ndiyo maana oksijeni iliyopozwa ikawa kimiminika huvutwa na sumaku. Bwana Saini aliiambia kompyuta kwamba elektroni zote zimejipanga mbilimbili. Kwa elektroni mbili zisizo na wenza kompyuta hutaka uandike namba tatu, na zikiwa zote mbilimbili namba moja; yeye aliandika moja. Basi oksijeni yake ikaonekana haina raha kabisa ikiwa peke yake, na unga ukaonekana unaikumbatia kwa nguvu za ajabu. Wifi akasahihisha, akakokotoa jedwali zima upya kwa wiki mbili. Unga ukawa wa kawaida tu.

"Rudisha moja," Bwana Saini akasema, mbele ya wanafunzi wake wa shahada ya pili.

"Daktari, oksijeni haiko hivyo."

"Hesabu ilitulia, haikutulia?"

"Ilitulia, lakini..."

"Basi. Kazi yako wewe ni chupa. Nani amekuuliza habari za oksijeni?"

Watu wazima, na shahada zao, wakatazama sakafu! Wifi hakuirudisha ile moja. Siku ya mwisho ya fomu ikapita bila barua. Nilitaka kumfuata huyo bwana mwenyewe na mkasi wangu wa vitambaa, kaka akanizuia mlangoni. Mpaka leo nasema alikosea kunizuia.

Miezi minne baadaye makala ikatoka kwenye jarida, ile moja ikiwa pale pale. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, paliandikwa shukrani kwa fundi wa maabara, jina lake kamili na la baba yake, kwa kufanya hesabu zote.

Kaka akafurahi kama mtoto. Alitaka aichapishe aitundike sebuleni.

"Jina la mke wangu limetoka kwenye jarida!"

Wifi aliisoma mara mbili.

"Hesabu zangu amezitupa," akasema. "Hizi ni zake, na ameniandika mimi. Siku mtu akiligundua kosa, aliyekosea ni muosha chupa."

Asubuhi iliyofuata akamwandikia mhariri wa jarida. Akaambatanisha jedwali lake, akaonyesha mstari wenye kosa, akaeleza kwa sentensi sita. Nilimsihi aongeze tusi, hata moja dogo, akakataa.

"Watakufukuza kazi," kaka akamwambia, sasa bila furaha.

"Wanifukuze. Lakini uongo ule haubaki na jina langu."

Akaituma barua. Miaka mitatu ya kushinda na njaa mbele ya kompyuta ile, na andiko lake la kwanza kwa wanakemia wa dunia likawa ombi la kufutwa jina.