Madigadi Iliyonyamaza

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliondoka Temeke na baiskeli zetu sita kwenda Chanika kama kawaida. Nilijivuna, maana fundi alikuwa amenikazia madigadi ya nyuma iliyogongagonga mwaka mzima. Kwenye kona ya kwanza, rafiki yangu ambaye hunifuata siku zote hakukata kona. Alinyoosha hadi mtaroni.

Nilimkuta ameshika goti linalovuja damu.

"Kaka, mbona leo umeninyamazia?" aliniuliza. "Mie macho yangu huona ukungu tu. Nafuataga mlio wa hiyo madigadi yako."

Mwaka mzima nilimwita mkia wangu, nisimuulize hata siku moja kwa nini ananiganda. Mungu anisamehe.

Jumatatu nilimrudia fundi, nikamwomba ailegeze. Alinitazama sana.

"Mzee wangu, wenzio huja hapa nikaze."